Kiwanja kilichokuwa kituo cha mafuta: sampuli za udongo zichukuliwe vipi?

Swali. Msomaji wa Temeke, Dar es Salaam, anaeleza kwamba familia yake iko katika mazungumzo ya kununua kiwanja kando ya Barabara ya Kilwa ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kituo cha mafuta. Pampu zimeshang'olewa, lakini hajui kama matangi ya chini ya ardhi bado yapo au yalifukuliwa. Wanakusudia kujenga ghorofa yenye maduka chini na kuchimba kisima. Dalali amempatia fundi aliye tayari kuchota udongo sehemu tatu kwa kina cha jembe, kuuchanganya kwenye mfuko mmoja wa nailoni na kuupeleka maabara ukapimwe "mafuta na metali nzito". Anauliza kama hilo linatosha na, kama halitoshi, kazi hiyo hufanywaje.

Jibu. Ndugu msomaji, utaratibu huo hautoshi, na ningekushauri usiulipie hata kama bei yake ni nafuu, kwa sababu karibu kwa hakika utakupatia karatasi yenye muhuri inayosema udongo hauna mafuta, hata kama huko chini yamejaa. Petroli na dizeli zinazovuja kituoni hutoka zaidi kwenye matangi na mabomba yaliyofukiwa. Kitako cha tenki la kawaida huwa mita 3 hadi 4 kutoka usawa wa sakafu, kwa hiyo udongo wa kina cha jembe mara nyingi ni kifusi kilicholetwa na lori wakati wa ujenzi, na hauna habari yoyote ya yaliyotokea chini. Isitoshe, benzeni, ambayo ndiyo sehemu ya petroli inayotutia hofu kuliko nyingine kwa kuwa imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, ni kemikali tete sana. Ukiukoroga udongo kwenye ndoo chini ya jua na kuumimina kwenye mfuko wa nailoni, umeifukuza hewani kabla sampuli haijafika maabara. Na hicho kipimo cha metali nzito hakihusiani sana na swali lako, kwani metali si alama ya petroli wala ya dizeli, isipokuwa risasi katika hali nitakayoieleza hapa chini.

Kazi yenyewe huanzia mezani. Mwombe muuzaji ramani ya ujenzi wa kituo, ripoti za ukaguzi wa mazingira na, kama zimesalia, kumbukumbu za kila siku za kupima mafuta kwa kijiti kwenye matangi. Kumbukumbu hizo ni hazina: ikiwa kiasi kilichopimwa tenkini kilikuwa kikipungua mwezi baada ya mwezi kuliko kilichouzwa, basi ama palikuwa na wizi ama palikuwa na uvujaji, na yote mawili yanafaa kujulikana. Baada ya hapo watafute wahudumu wa zamani wa pampu na majirani waliokaa hapo muda mrefu, uwaulize gari la mafuta lilikuwa likisimama wapi likishusha, pampu ipi iliwahi kubadilishwa, kama palikuwa na sehemu ya kuoshea magari au shimo la kubadilishia oili, na kama zege liliwahi kupasuliwa na kumwagwa upya. Kipande cha zege chenye rangi tofauti na sakafu nyingine ni ushahidi, kwa hiyo kipigwe picha na kiwekwe kwenye mchoro.

Mchoro huo ndio utakaoamua mahali pa kuchimba. Maeneo yanayoshukiwa kwanza ni maungio ya mabomba, udongo ulio chini ya kila pampu, mdomo wa kujazia matangi ambako mafuta humwagika kidogo kidogo kila gari likishusha, matangi yenyewe, na tundu la kutenganisha mafuta na maji pamoja na mfereji unaotoka hapo. Watu wengi hulikazia macho tenki na kuyasahau mabomba, wakati maungio ya mabomba, hasa ya chuma yaliyokaa miaka mingi kwenye udongo wenye chumvi wa pwani, ni miongoni mwa sehemu zinazovuja mara nyingi zaidi. Kwa maoni yangu, fedha inayotumika kumlipa mtu mwenye kifaa cha kutafuta mabomba na metali chini ya ardhi ina faida kuliko kuongeza mashimo mawili ya kubahatisha, na kifaa hicho hicho kitakuambia kama matangi bado yapo.

Umri wa kituo nao una maana. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliacha kuuza petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa 2006, kwa hiyo kituo kilichofanya kazi kabla ya hapo kinahitaji kupimwa risasi, pamoja na dibromoethani na dikloroethani, kemikali mbili zilizokuwa zikichanganywa na petroli hiyo ili risasi isigande ndani ya injini. Vilevile usishangae maabara ikikuta mafuta ya taa mahali ambapo kila mtu anaapa kwamba hayakuwahi kuuzwa. Uchakachuaji ulikuwa umeenea kiasi cha kuifanya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, ianze kuweka vinasaba (kemikali za utambulisho) kwenye mafuta mwaka 2010, na udongo hauna sababu ya kumfichia mtu siri.

Ili uelewe kwa nini kina cha shimo kina uzito kuliko idadi ya sampuli, fuatilia safari ya mafuta yenyewe. Sehemu kubwa ya Dar es Salaam imekaa juu ya mchanga na mchanga uliochanganyika na mfinyanzi. Kwenye mchanga mafuta hushuka karibu wima. Yakifika kwenye tabaka la mfinyanzi huenea pembeni kufuata mwinamo wa tabaka hilo, na mara nyingi hufuata mtaro uliochimbwa kupitishia bomba, kwa sababu kifusi cha mtaro huwa kimelegea kuliko udongo unaouzunguka. Yakifika kwenye maji ya chini ya ardhi huelea, kwani lita moja ya petroli ina uzito wa takriban kilo 0.75 tu. Maji hayo hupanda wakati wa masika na kushuka wakati wa kiangazi, na kila yanapopanda na kushuka huyapaka mafuta kwenye udongo wa juu na wa chini yake. Matokeo yake ni ukanda mchafu wenye unene ambao pengine unafika mita nzima au zaidi, wakati udongo wa mita mbili juu yake ni safi kabisa. Mtu anayechukua sampuli kila baada ya mita moja bila kuuangalia udongo anaweza kuukosa ukanda huo.

Kwa kituo kidogo cha mjini ningeanza na mashimo 8 hadi 12, nikijua kwamba huenda nikaongeza mengine baada ya kuona yanayotoka. Panapokuwa na matangi bado chini, nachimba pande zake zote nne, nje kidogo ya ukingo wa shimo lililochimbwa kuyaweka, na kushuka angalau mita 1 kupita kitako cha tenki. Shimo jingine huwekwa kwenye kila kisiwa cha pampu, mengine kwenye kona na maungio ya mabomba, moja kwenye mdomo wa kujazia na moja mahali maji ya tundu la kutenganisha yanakotokea. Yanahitajika pia mawili au matatu kwenye mpaka wa upande ambako maji ya chini yanaelekea, kwa sababu uchafu uliovuka mpaka unageuka kuwa suala la jirani. Shimo moja lichimbwe upande wa juu wa mkondo, mbali na shughuli zote za kituo, ili upate kipimo cha udongo wa kawaida wa eneo hilo. Kwa kuwa wewe una ramani ya jengo, ongeza mashimo pale maduka yatakapokaa na pale unapofikiria kuweka kisima. Mpangilio wa miraba inayolingana kiwanja kizima, ambao baadhi ya wataalamu huupenda kwa kuwa unaonekana vizuri kwenye ripoti, una maana pale tu ambapo historia ya mahali haijulikani kabisa. Viwango vya kimataifa vya uchukuaji wa sampuli za udongo, mfululizo wa ISO 18400, vinaruhusu njia zote mbili mradi sababu ya kuchagua iandikwe.

Ikitokea kwamba matangi yanafukuliwa wakati huo huo, sampuli zichukuliwe siku hiyo hiyo kutoka kwenye sakafu ya shimo, chini ya ncha zote mbili za kila tenki, na kutoka kwenye kuta zake usawa wa maji au usawa wa madoa. Asiingie mtu shimoni. Udongo utolewe kwa ndoo ya mtambo, na sampuli ichukuliwe katikati ya ndoo, pasipoguswa na chuma.

Usalama sitaueleza kwa kirefu, lakini hauna mjadala. Mvuke wa petroli hulipuka ukifika takriban asilimia 1.4 tu ya hewa, na tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa. Pasiwe na sigara wala simu karibu na shimo, mita ya kwanza na kidogo zaidi ichimbwe kwa mkono ili nyaya na mabomba yasikatwe, na kuwe na mtu mwenye kifaa cha kupima gesi inayolipuka muda wote.

Sasa tuje kwenye sampuli yenyewe, mahali ambapo kazi nyingi huharibika. Kekee ya mkono yenye ndoo ndogo chini inafaa kwa mita chache kwenye udongo mlaini, lakini ukishakaribia maji mchanga huporomoka na udongo wa juu huchanganyika na wa chini. Bora zaidi ni mtambo unaosukuma bomba la chuma ardhini likiwa na bomba jembamba la plastiki ndani yake, kwani udongo hutoka ukiwa nguzo moja isiyovurugika. Mtambo unaochimba kwa kupuliza hewa au kwa kuzungusha tope haufai kabisa: hewa inafukuza kemikali tete na tope linaziosha.

Bomba la plastiki likishafika juu, lilazwe kivulini na lipasuliwe kwa urefu. Kuanzia hapo saa inakwenda. Mtaalamu anausoma udongo kwa macho haraka haraka: mahali mchanga ulipokuwa wa kahawia na kugeuka kijivu au wa kijani kilichofifia, mahali unapong'aa kama umepakwa mafuta, mahali ulipoanza unyevu. Asiuinamie kuunusa, wenyeji wa kazi hii walifanya hivyo zamani, lakini benzeni haikuwekewa pua ya kuipimia. Kila sentimita 30 au 50 hutolewa udongo kidogo, unatiwa kwenye mfuko mdogo hadi nusu, mfuko unafungwa, mabonge yanavunjwa kwa vidole kwa nje, na baada ya dakika kama 10 ncha ya kifaa cha kupima mvuke, ambacho mafundi hukiita PID, inachomekwa humo. Namba inayosomeka haikupi kiasi cha uchafu kilichomo kwenye udongo. Inakuonyesha tu ni tabaka gani limezidi mengine. Kwenye unyevunyevu wa pwani kifaa hicho hupotosha, kwa hiyo kikaguliwe kwa gesi ya kipimo asubuhi na tena katikati ya siku, na kila namba iandikwe.

Sampuli ya kemikali tete haichukuliwi kutoka kwenye mfuko huo. Inachukuliwa kwanza, kabla ya sampuli nyingine yoyote ya maabara, kutoka kwenye uso wa udongo uliokwanguliwa muda huo huo pembeni ya pale palipotolewa udongo wa mfuko. Chombo cha kawaida ni bomba la sindano la plastiki lililokatwa mdomo: linakitwa kwenye udongo, linatoka na kipande cha takriban gramu 5, na kipande hicho kinasukumwa moja kwa moja kwenye kichupa cha mililita 40 ambacho maabara imeshatia methanoli na kukipima uzito. Methanoli inaifunga benzeni isitoroke. Hapa pana jambo dogo ambalo hugharimu sampuli nyingi: punje za mchanga zikibaki kwenye hesi za mdomo wa kichupa, kifuniko hakikazi, na kichupa kinavuja mvuke njia nzima hadi maabara bila mtu kujua. Futa mdomo kwa karatasi safi, kisha ndipo ukaze. Kumbuka pia kwamba methanoli ni sumu na hushika moto kirahisi.

Sampuli ya dizeli na mafuta mazito hujazwa kwenye chupa ya kioo yenye mdomo mpana, hadi juu, bila kuacha nafasi ya hewa. Mfuko wa nailoni hautumiki, kwa sababu haidrokaboni hupenya kwenye plastiki, na plastiki nayo huchafua kipimo. Wala sampuli za mashimo tofauti zisichanganywe. Kuchanganya kunafaa shambani, mtu anapotaka kujua wastani wa mbolea. Hapa unatafuta mahali pachafu, na ukichanganya udongo mchafu mmoja na misafi miwili umejipunguzia uchafu kwenye karatasi tu.

Vyanzo vya uchafu unaoletwa na wapimaji wenyewe ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Kalamu nene za kuandikia lebo nyingi zina zaileni au tolueni, kwa hiyo lebo ziandikwe kabla na mbali na vichupa vilivyo wazi. Jenereta isimame upande ambao upepo unaelekea, na aliyeijaza petroli asiguse sampuli hata akinawa. Glavu zibadilishwe kila sampuli. Vyuma vioshwe kwa sabuni na kusuuzwa kwa maji safi kila baada ya shimo, na inafaa kuanza na mashimo yanayodhaniwa kuwa safi ili kumalizia na yale machafu.

Vichupa vikishafungwa viingie mara moja kwenye sanduku la baridi lenye barafu iliyofungwa kwenye mifuko isiyovuja, kwa joto la karibu nyuzi 4. Barafu inayoyeyuka na kuloweka lebo imewahi kugeuza ripoti nzima kuwa fumbo. Vichupa vya methanoli vipimwe ndani ya siku 14, na chupa za dizeli zianze kushughulikiwa maabara ndani ya siku 14 pia, lakini kwa joto letu nisingengoja hata wiki moja. Kila sampuli iambatane na hati ya makabidhiano inayoonyesha nani aliichukua, saa ngapi, nani aliipokea na sanduku lilikuwa na joto gani lilipofunguliwa. Hati hiyo ndiyo itakayokulinda siku muuzaji atakapodai kwamba sampuli zilibadilishwa.

Ili uweze kuyaamini majibu, ongeza sampuli za ukaguzi: sampuli pacha moja kwa kila 10 au 20, kichupa kimoja kisicho na udongo kinachosafiri na vingine kwenda na kurudi bila kufunguliwa, na maji ya kusuuzia vyombo yaliyokusanywa na kupimwa. Kichupa msafiri kikirudi na tolueni, tatizo liko kwenye sanduku au maabara. Fundi atakayekwambia kwamba hayo ni kupoteza hela, mshukuru na utafute mwingine.

Maabara uiombe nini? Omba jumla ya haidrokaboni za petroli zikiwa zimegawanywa kwa makundi ya kaboni, maana petroli hukaa takriban kati ya kaboni 4 na 12 na dizeli huanza karibu na 10 na kwenda juu zaidi. Omba pia benzeni, tolueni, ethilibenzeni na zaileni kila moja kwa jina lake, MTBE (kemikali inayoongezwa kwenye petroli ili iungue vizuri), na naftaleni pamoja na ndugu zake. Risasi na zile kemikali mbili nyingine ziongezwe kwa kituo cha kabla ya 2006. Kundi zima la metali nzito liwekwe kwa sampuli za shimo la oili chafu tu. Muulize mkuu wa maabara, kabla ya kutuma chochote, kama maabara ina ithibati ya ISO/IEC 17025, kiwango cha kimataifa cha umahiri wa maabara, kwa vipimo hivyo hasa, maana ithibati ya kupima maji ya kunywa haihusu benzeni kwenye udongo, na kiwango cha chini kabisa anachoweza kukigundua ni kipi. Jibu la "haikuonekana" kutoka kwenye kipimo kisichoweza kuona chini ya kikomo kinachoruhusiwa halina thamani. Omba pia upewe zile grafu za mashine. Mtaalamu akiziona atakuambia kama mafuta ni mabichi au yamechakaa ardhini kwa miaka, jambo litakalokusaidia kujua kama uvujaji bado unaendelea kutoka kituo cha jirani.

Majibu yasomwe kwa uzito mkavu wa udongo na yalinganishwe na kanuni za viwango vya ubora wa udongo za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Pale ambapo kanuni hazitaji kemikali husika, mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa aeleze kwa maandishi ametumia kikomo cha wapi na kwa nini. Usikubali wastani wa mashimo yote. Shimo moja lenye benzeni nyingi chini ya chumba cha duka linatosha kubadilisha msingi wa jengo, kwani mvuke hupanda kupitia nyufa za sakafu.

Udongo peke yake, hata ukichukuliwa vizuri namna hii, haukupi ruhusa ya kuchimba kisima. Angalau mashimo matatu yageuzwe kuwa visima vidogo vya uchunguzi, yasiwe kwenye mstari mmoja, ili ijulikane maji yanaelekea wapi, na maji yake yapimwe mwishoni mwa masika na tena katika kiangazi. Kibali cha kisima utakiomba Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, na ni vyema ripoti hiyo iwe mkononi kabla ya maombi. Mashimo yaliyobaki yazibwe kwa bentoniti, mfinyanzi unaovimba ukilowa, kuanzia chini hadi juu. Yakirudishiwa mchanga tu, umefungua njia ya mafuta ya juu kushuka moja kwa moja hadi kwenye maji.

Kuhusu muuzaji: yote haya yafanyike kabla ya kulipa malipo ya awali, kwa makubaliano ya maandishi yanayokuruhusu kuchimba, na mkataba wa mtaalamu uwe na jina lako wewe, si la dalali, ili ripoti, grafu na hati za makabidhiano ziwe mali yako. Akikataa kuchimbwa hata shimo moja karibu na matangi, mpe bei ya kiwanja chenye mafuta ardhini, au tafuta kiwanja kingine.